Kigari cha Masatu Kinachemsha

Jumanne, 3 Juni

Saa moja asubuhi. Kiwanda cha samaki, chumba cha baridi namba moja, digrii hasi kumi na nane. Namba mbili, hasi kumi na tisa. Namba tatu, hasi kumi na tano. Mpira wa mlango umechoka, nimesema mara ngapi. Vyumba vitatu, samaki wa chumba kimoja. Sangara wamekuwa haba. Tunapoza hewa.

Leo siku ya kumi na tano tangu Masatu afe. Presha. Alikuwa anafundisha hesabu kidato cha pili, chaki mkononi, akavuta kiti, akakaa. Basi. Miaka kumi na moja ya ndoa ikaishia kwenye kiti cha darasani.

Nimerudi kazini jana. Wananitazama kama nimevunja mwiko. Nikae nyumbani nifanye nini? Mama mkwe yuko pale, kaja kutoka Nansio, atakaa mpaka arobaini. Ananipikia. Haoni vizuri, ana mtoto wa jicho, lakini hakati kitunguu vibaya. Maneno yake kwangu kwa siku nzima ni "umekula?" Namjibu nimekula. Si kweli.

Jioni kapiga simu shemeji Magesa, kaka mkubwa wa Masatu. Mpole, siku zote mpole, ndiyo maana humkatalii kitu. Arobaini ni Jumamosi ya tarehe ishirini na nane, hapa hapa Igogo. Nguo za marehemu zitagawiwa siku hiyo. Halafu akaongeza: na kile kigari, nitakibeba mimi. Nimesema sawa, shemeji. Ningesema nini?

Kigari kiko juu ya kabati. Urefu wake kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi kucha. Kina rimoti, lakini si cha betri. Kina injini ya kweli, ndogo kama limau, inatumia mafuta ya nitro. Masatu alikipata kwa mhandisi mmoja wa daraja aliyekuwa anarudi kwao, pamoja na madumu mawili ya mafuta, maana Mwanza hii hayauzwi. Kila Jumamosi saa nne alikuwa nacho kwenye uwanja nyuma ya nyumba. Na kila Jumamosi kilichemsha. Dakika nne, tano, kinaanza kulia sauti nyembamba mpaka meno yanauma, kisha kinazima. Hakijamaliza tangi moja hata siku moja.

Miaka miwili aliniomba. Koku, wewe si mtu wa baridi? Njoo unisaidie kukipoza. Nikamjibu: mimi napoza samaki, sipozi midoli. Nilimjibu hivyo mbele ya rafiki yake Deo. Walicheka wote wawili. Masatu alicheka zaidi, ili isionekane imemwuma.

Nina siku ishirini na tano. Nataka kimalize tangi moja kabla hakijaondoka. Hicho tu. Sina kingine ninachotaka duniani.

Jumamosi, 7 Juni

Saa nne, uwanjani. Nimemwita Deo. Ni fundi wa injini za mitumbwi pale Kirumba, alikuwa hapa na Masatu kila Jumamosi. Alifika na kofia mkononi kama amekuja kanisani. Nikamwambia avae kofia, jua kali.

Dumu la kwanza liliisha zamani. La pili nimelipima kwa vidole: vitano. Deo anasema tangi moja ni kidole kimoja, ukimwaga ndiyo hasara yako.

Alinifundisha kipimo cha Masatu. Unatema mate kidogo kwenye kichwa cha injini, unahesabu. Yakikauka papo hapo, inachemsha. Yakifika tatu au nne ndipo yaishe, iko sawa. Nilikuwa na bastola ya kupimia joto ya kazini, ile ya aina waliyokuwa wanatuelekezea usoni wakati wa korona. Lakini nilitema pia.

Kimewaka mvuto wa tatu wa kamba. Dakika ya kwanza, safi. Ya tatu, digrii mia na ishirini na tano. Ya nne, kikaanza kulia. Mia na hamsini na mbili. Kikazima. Mate hayakufika hata moja.

Nilipogeuka nikamwona mama mkwe kwenye mlango wa nyuma. Amesimama, ameshika fremu kwa mkono wa kushoto, uso ameuelekeza uwanjani. Kilipozima akarudi ndani. Kelele zinamchukiza. Sawa. Achukie. Bado wiki tatu.

Jumapili, 8 Juni

Misa. Kila mtu: pole, pole, jipoze moyo. Mama mmoja wa jumuiya yetu akanishika mashavu: poa, mwanangu, poa. Nilitaka kumwuma.

Jumatano, 11 Juni

Nimefungua bodi, lile ganda la plastiki la juu, nikakagua injini. Kichwa chake kina mapezi ya alumini kama ya kondensa ya jokofu, hewa ipite katikati ichukue joto. Haikuwa inapita. Mapezi yote yamezibwa na wadudu wa ziwa, wale wanaokuja kama moshi. Wamekauka na vumbi na mafuta, wamekuwa udongo. Mwaka mzima wa wadudu. Nimewatoa kwa mswaki wake. Ulikuwa bado kwenye kikombe bafuni. Sasa hauko kwenye kikombe.

Kisha chujio la hewa, kile kisponji. Deo alisema lazima kiwe na mafuta kidogo ili kinase vumbi. Nikakinusa. Samaki! Masatu alikipaka mafuta ya sangara. Yale ninayoleta mimi kutoka kiwandani ya kukaangia. Nimecheka peke yangu jikoni, kicheko cha kweli, mpaka mama mkwe akauliza nani yupo. Mwalimu wa hesabu anakaanga injini yake. Na ningekuwa nimeisogelea hata mara moja ningeinusa, ningemwambia. Kicheko kikaishia hapo.

Nimekiosha kwa sabuni mara tatu. Bado kinanuka.

Jumamosi, 14 Juni

Nimechemsha. Naandika hivyo kwa sababu Deo alisema hivyo, mdomo wazi: "Shemeji, hapa umechemsha mwenyewe."

Nilileta barafu ya kazini kwenye boksi la kutunzia baridi. Nikaikata vipande, nikaifunga kwa kitambaa cha kitenge juu ya kichwa cha injini. Miaka kumi na nne kwenye majokofu, akili yangu yote ni hiyo: kitu kikiwa cha moto, weka kitu cha baridi. Kigari kikakohoa, kikatema mafuta, kikazima. Tena. Kikazima. Kamba nikaivuta mpaka kiganja kikachubuka. Plagi imelowa. Tangi likafurika, mafuta yakamwagikia mchangani, nayo hayaombwi kwa jirani.

Deo akanieleza polepole, kama ananielekeza njia. Hii injini si samaki. Inataka moto. Ikiwa baridi sana haichomi mafuta yake, inazama ndani yake. Inatakiwa ikae kwenye mia, mia na kumi, isipande. Nikamfokea. Nikamwambia yeye na Masatu walikuwa hapa miaka miwili na hawakuweza lolote, sasa ananifundisha nini. Akaokota kitenge changu, akakikamua, akakianika kwenye uzio.

Mama mkwe hakutoka leo. Kilikohoa tu, hakikulia.

Dumu: vidole viwili. Sidhani kama itawezekana.

Jumatatu, 16 Juni

Namba moja, hasi kumi na nane. Namba mbili, hasi kumi na nane. Namba tatu, hasi kumi na mbili!

Nikaenda nyuma ya jengo kuona kondensa ya namba tatu. Mtu kapanga makreti matupu ya samaki nyuma yake mpaka juu. Feni inavuta hewa safi mbele, inaisukumia kwenye makreti, hewa ya moto haina pa kwenda, inarudi kuzunguka pale pale. Nimeyavuta makreti mwenyewe. Baada ya nusu saa, hasi kumi na sita.

Nimesimama pale kwenye jua kama nimepigwa kofi. Bodi ya kigari. Masatu alikata matundu mbele. Kioo chote cha mbele kakitoa, na pua yote. Nyuma hakukata hata tundu la kupitisha kidole. Hewa inaingia, haitoki. Alikuwa akiona kinachemsha, anaongeza tundu mbele. Kinachemsha tena, anaongeza mbele.

Jambo la dakika moja. Ningetoka nje na kikombe cha chai mkononi, ningetazama, ningesema: Masatu, toboa nyuma. Dakika moja tu ya Jumamosi moja.

Alhamisi, 19 Juni

Nimekata. Vioo viwili vya pembeni nyuma, kioo kikubwa cha nyuma, na sehemu ya chini ya mkia. Kwanza kalamu, halafu mkasi wa kucha, maana umepinda. Bodi hii aliipaka rangi mwenyewe, kijani, kwa ndani, kwa sababu rangi ya ndani haichubuki. Ukiigeuza unaona nyayo za brashi yake. Na unywele mmoja umenasa. Sijui wa brashi au wake.

Mama mkwe alikuwa ameketi pembeni anachambua mchele kwa vidole. Akauliza ninakata nini. Nikamwambia kigari, mama, nakitengeneza. Akauliza, "Kinaumwa?" Nikasema kinazidiwa na joto. Akatikisa kichwa, akaendelea na mchele.

Vipande vinne nilivyokata nimeviweka kwenye kopo la kahawa ya kutafuna ambalo baba alinitumia kutoka Bukoba. Sijui kwa nini sikuvitupa.

Jumamosi, 21 Juni

Saa nne. Kimekwenda dakika sita na nusu. Sita na nusu! Hewa ya moto inatoka nyuma, niliweka kiganja nikaisikia, kama pumzi. Dakika ya tano, mia na ishirini na moja. Ya sita, mia na thelathini. Halafu kikaanza kulia, na mimi nikalia nacho, kwa hasira. Mia na arobaini. Kimezima.

Mama mkwe alikuwa mlangoni tena. Mkono kwenye fremu. Kilipozima alikaa pale kidogo kabla ya kuingia.

Deo alipiga magoti, akatazama kabureta muda mrefu. Kisha akaniambia kitu ambacho hakutaka kuniambia. Kuna sindano pale, skrubu ndogo ya shaba inayopima mafuta yanayoingia. Masatu aliikaza kupita kiasi. Mafuta kidogo, hewa nyingi, nguvu kubwa, na joto. Mafuta yenyewe ndiyo yanayopoza ndani. "Nilimwambia ailegeze. Akasema tusubiri kidogo, alikuwa anapenda kinavyotimua mbio. Yule bwana alikuwa mbishi, shemeji, unamjua."

Namjua. Nilimjua.

Tumeilegeza robo mzunguko, baada ya kuweka alama ya kalamu nyekundu pale alipoiacha yeye. Hatukukiwasha. Dumu limebaki kidole kimoja. Tangi moja. Tumekubaliana: tangi hilo ni la arobaini, mbele ya ndugu zake wote. Kikimaliza, kimemaliza. Kisipomaliza, basi, nitakuwa nimeshindwa mbele ya watu, sitakuwa wa kwanza.

Jumatano, 25 Juni

Wadudu wa ziwa wamekuja asubuhi. Ukifungua mdomo unawala. Wamejaa kwenye neti, kwenye ndoo, kwenye nywele. Mama mkwe anawafagia kwa sauti ya ufagio, hawaoni. Nimekifunga kigari kwa kanga mbili, nikakiweka chini ya kitanda upande wa Masatu.

Nimelala upande wangu. Bado nalala upande wangu. Kitanda kizima ni changu na sijui kukitumia.

Hakitamaliza. Najua. Hakuna kitu nilichogusa mwaka huu kikamaliza vizuri.

Jumamosi, 28 Juni

Arobaini. Naandika jioni, bado kuna mwanga.

Misa ilikwenda vizuri. Turubai, wali, samaki, ndugu wa Nansio wote na walimu wenzake. Baada ya chakula shemeji Magesa alisimama akagawa nguo. Shati la bluu, Deo. Koti, yeye mwenyewe. Viatu vya kanisani alipewa binamu yao ambaye havimtoshi, akavishika tu kifuani. Mimi nilipewa saa. Imesimama.

Kisha nikasema kuna kitu kimoja kabla kigari hakijapakiwa. Nikawaomba watoke nyuma. Wanaume walitoka, wanawake wengine wakatoka. Deo akamimina tangi, akatikisa dumu mpaka mwisho. Nikavuta kamba mara moja. Mara moja tu.

Kikanguruma. Sauti nzito, ya chini. Nikakizungusha. Dakika ya pili, tisini na nane. Ya nne, mia na tano. Ya sita, mia na saba. Deo alikuwa anasoma bastola kwa sauti kama anatangaza mpira, na watu wakaanza kupiga makofi kila akisema. Ya nane, mia na nane. Kikapita mbele ya shemeji Magesa, mbele ya walimu, moshi wa bluu nyuma yake, hakilii, hakichoki. Dakika ya tisa na kitu kikapunguza mwendo, kikakohoa mara moja, kikasimama. Tangi kavu. Nikapiga magoti nikatema mate kichwani mwa injini. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Nilipiga kelele, mimi mjane siku ya arobaini. Deo akanikumbatia mbele za watu. Nikasema, Masatu, umeona? Nilisema kwa sauti. Sikuona aibu.

Ndipo nikatazama mlangoni. Hakuna mtu.

Nikaingia. Mama mkwe ameketi kwenye mkeka palepale nilipomwacha, miguu ameinyosha, kikombe cha chai mkononi. Nikamwuliza, mama, hukutoka?

"Nasubiri mkiwashe cha Masatu," akasema. "Hicho kilichokuwa kinapita ni cha nani?"

Nikamwambia ndicho hicho, mama. Ndicho chake. Kimepona.

Akatikisa kichwa. "Hapana, mwanangu. Cha Masatu kinalia. Kila mwezi nikija kliniki ya macho nakisikia. Kikilia, najua mwanangu yuko hapo nyuma."

Hakuwa na hasira. Alisema kama anavyoniuliza kama nimekula.

Nilijua. Hilo ndilo ninaloliandika hapa kwa sababu sitamwambia mtu. Nilijua kilipowaka tu, kwenye mzunguko wa kwanza, kwamba sauti ile siijui. Nikaacha makofi ya watu yaifunike, ili nisiisikie.

Nikatoka mbio. Bisibisi ilikuwa mfukoni mwa Deo. Nikairudisha sindano kwenye alama nyekundu, pale pale alipoiacha Masatu. Nikamwambia Deo, lete dumu. Akanitazama. Akalifungua, akaligeuza juu chini juu ya kiganja chake. Tone moja.

Shemeji Magesa alikuwa ameshaleta boksi.

Jumapili, 29 Juni

Wameondoka na meli ya asubuhi. Mama mkwe pia. Bandarini aliniambia nile. Magesa kalishika boksi kwa mikono miwili, vizuri, hana kosa lolote. Huko Nansio mafuta ya nitro hayapo. Kitakaa juu ya kabati la mtu mwingine.

Jumatano, 2 Julai

Namba moja, hasi kumi na nane. Namba mbili, hasi kumi na nane. Namba tatu, hasi kumi na nane. Makreti hayajarudi.

Nilijikuta natema mate juu ya kompresa na kuhesabu. Fundi mwenzangu akaniuliza ninafanya nini. Nikamwambia napima.

Jumamosi, 5 Julai

Nimefua. Nimeosha kikombe cha bafuni.

Saa nne nikaenda mlango wa nyuma, nikashika fremu kwa mkono wa kushoto. Pana doa pale, la mkono wa mama mkwe. Uwanja mtupu. Mtu kaanika dagaa upande wa mbali.

Nimesimama kama dakika tano, kisha nimerudi ndani.